Ajabu ni Nani? Mashimo ya Mfalme Sulemani Kitabuni na Kwenye Picha

Kila tunapokaa kujadili picha za sinema zilizotokana na vitabu, hasa vitabu vya mambo ya ajabu, swali letu huwa lilelile: je, picha imekifuata kitabu? Tukishajibu ndiyo au hapana, tunafunga daftari na kwenda kunywa chai. Makala haya yanakusudia kulipinga swali hilo. Ninadai kwamba katika kazi za ajabu liko swali linalotangulia: ajabu ni nani? Yaani msanii amemweka nani awe kioja, na amemweka nani awe mtazamaji? Nitatumia mfano mmoja, Mashimo ya Mfalme Sulemani, kwa sababu nilikipenda kitabu hicho kabla sijajua kwamba kinanihusu.

Kwanza historia kidogo. Riwaya hii ya H. Rider Haggard ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1885. Tafsiri ya Kiswahili, kazi ya Frederick Johnson, ilitoka mwaka 1929. Mwaka uliofuata ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusimamia usanifishaji wa Kiswahili, na katibu wake wa kwanza alikuwa Johnson huyohuyo. Basi mtu aliyetuletea hadithi ya Wakukuana ndiye pia aliyekaa mezani kuamua Kiswahili chetu kiandikweje. Si jambo dogo hilo, ndugu msomaji. Kiswahili kilichotufundisha kusoma nathari ndefu kilikuja kimebeba macho ya mtu mwingine.

Mimi nilikipata kitabu hicho nyumbani Nyakato, ndani ya sanduku la bati la mjomba wangu aliyekuwa mwalimu. Kilikuwa hakina jalada. Jioni nilikuwa nikimsomea bibi kwa mwanga wa chemli huku yeye akichambua choroko. Bibi hakujua kusoma, lakini kwa hadithi alikuwa fundi. Ndiye aliyenisimulia habari za Shing'weng'we, zimwi la Wasukuma lililomeza watu wote na mifugo yao, hadi kijana Masala Kulangwa alipoliua na watu wakatoka tumboni wakiwa hai.

Tulifika pale Quatermain na wenzake wanapotaka kuwaonyesha wakuu wa Wakukuana kwamba wao si watu wa kawaida. Wanajua kutokana na kalenda yao kwamba kutakuwa na kupatwa, wakajidai kwamba wao ndio watakaouzima mwanga. Wakuu wakatetemeka. Bibi akaacha kuchambua.

"Kwani hao watu hawana wazee?" akauliza.

Nikamwuliza ana maana gani.

"Mwezi umeanza kupatwa leo?"

Sikuwa na jibu. Niliendelea kusoma, tena kwa pupa, maana nilitaka kujua yule mchawi mkongwe Gagool atafanya nini. Hapa sitaki kujitakasa. Kitabu kilikuwa kitamu. Lakini leo naona kwamba swali la bibi lilikuwa uhakiki kamili. Katika hadithi ya Shing'weng'we, ajabu ni zimwi, na sisi ni wale waliomezwa wakaokolewa. Katika Mashimo, ajabu ni taifa zima, nalo limenyang'anywa wazee wake na kumbukumbu yake ili mgeni mwenye kalenda aonekane mungu. Haki yake nayo tumpe Haggard: mwishoni, Umbopa ambaye ndiye mfalme Ignosi anatangaza kwamba hataruhusu wafanyabiashara wenye bunduki na pombe waingie nchini mwake. Kitabu chenyewe, kwa hiyo, kina ufa ambao sauti nyingine inapenyea.

Tuje kwenye picha. Ile ya mwaka 1950, ya Stewart Granger na Deborah Kerr, ilipigwa kwa sehemu katika nchi zetu hizi, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanganyika. Kitabuni msafara unamtafuta ndugu wa Sir Henry Curtis. Kwenye picha ni mwanamke anayemtafuta mumewe. Mhakiki wa "imefuata au haikufuata" ataandika kurasa tatu juu ya badiliko hilo na asiseme lolote juu ya mabonde na wanyama wetu kugeuzwa kuwa nchi ya kubuni. Picha ya mwaka 1985, iliyopigwa Zimbabwe, ndiyo niliyoiona mwenyewe, katika kibanda kimoja cha video huko huko Nyakato, kiingilio shilingi 100. Stelingi alikuwa Richard Chamberlain, na mwenzake Sharon Stone.

Mkanda ulikuwa wa Kiingereza, lakini kibandani kulikuwa na mtafsiri. Wakati ule Dar es Salaam jina la Lufufu lilikuwa limevuma kwa kazi hiyo; wetu hakuwa na jina kubwa, alikuwa na kipaza sauti tu na mdomo usiochoka. Ikafika pale Quatermain na yule dada wanapotumbukizwa katika chungu kikubwa mno ili wapikwe waliwe. Nilijikunja kwenye benchi kwa aibu. Mtafsiri hakujikunja. Akasema, "Jamani, chungu chote hiki hakina hata chumvi! Mzungu katuandikia mapishi hajawahi kuingia jikoni." Kibanda kizima kikaangua kicheko. Kwa sentensi mbili ajabu ilihama: kioja sasa hakikuwa wapishi wale, bali yule aliyewabuni.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba watafsiri hawa wanaharibu kazi ya sanaa, kwamba wanaongeza yasiyokuwamo. Nadhani wanasahau somo la kwanza la fasihi simulizi. Hadithi haikamiliki bila fanani na hadhira kuwa mahali pamoja, na fanani hupimwa kwa jinsi anavyoisogeza hadithi iwafikie walio mbele yake. Kwa maana hiyo, marekebisho ya tatu ya Mashimo, baada ya kitabu na picha, yalifanyika kwenye benchi za Nyakato, na kwa dakika ile yalikuwa bora kuliko mawili yaliyotangulia.

Ningeweza kuishia hapo na hoja ikapendeza, lakini isingekuwa kweli yote. Maana alipotokea yule mchawi, mtafsiri wetu huyohuyo alipiga kelele, "Bibi mwenye macho mekundu huyo! Mkimbieni!" Watu wakacheka tena. Mimi sikucheka. Kanda ya Ziwa yote inajua maneno hayo yana uzito gani. Wako vikongwe wa Usukumani waliouawa kwa mapanga wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe mara nyingi ni wa moshi wa kuni, wa miaka mingi ya kuinamia mafiga. Bibi yangu alikuwa na macho hayo. Haggard alimbuni Gagool bila kumjua bibi. Kibandani kwetu walimjua, na bado kicheko kikapatikana.

Ndiyo maana nasema swali la "ajabu ni nani" lazima aulizwe kila anayeshika hadithi. Tumwulize mwandishi, mwongozaji, mtafsiri na sisi tulio kwenye benchi. Kuwa Mwafrika hakumpi mtu msamaha, na kusema Kiswahili vilevile. Wala sisemi tuache kufurahia. Furaha ya ajabu ni chakula. Sema tu tuangalie ni nani aliyemo chunguni.

Mfano mzuri tunao. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, ametupa nchi inayoning'inia angani, na wajumbe sita waliotumwa pande sita za ulimwengu. Hapo kuna maajabu ya kutosha picha yoyote. Lakini kioja chenyewe ni baraza linalomshitaki Karama kwa kosa la kutaka kufundisha sheria. Ajabu ni dola, na aliye mnyonge ndiye anayepewa nafasi ya kusimulia. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa picha ya Vuta N'Kuvute, riwaya ya Adam Shafi, akaonyesha kwamba vitabu vyetu vinaweza kufika kwenye sinema. Atakayethubutu kuipiga Kusadikika asihangaike mno na namna ya kuining'iniza nchi angani. Ahangaike na uso wa waziri anapomsikiliza mshitakiwa.

Nasi wahakiki, siku picha hiyo itakapotoka, tusianze kwa kuuliza kama imefuata kitabu. Tuanze na swali la mama yule wa choroko: kwani hao watu hawana wazee? Asiyekubaliana nami achukue kalamu. Nafasi katika jarida ipo.