Koti Halipimwi kwa Mizani

Mtu wa Musoma akipata safari ya Ulaya mwezi wa Januari, ndugu wote humpa ushauri uleule: tafuta koti zito. Basi huingia kwenye mitumba na kunyanyua makoti kibanda kwa kibanda kama anayekadiria mkungu wa ndizi, na lile linaloutesa mkono ndilo hununuliwa. Akishafika huko, siku ya kwanza tu kituoni, akisubiri basi, hugundua kwamba amebeba kilo tatu za nguo inayopitisha upepo.

Kosa hili lina chimbuko. Mkoa wa Mara, ulipo mji wa Musoma, ni nchi ya pamba. Bunda kuna viwanda vya kuchambulia pamba, Musoma kulikuwa na kiwanda cha nguo cha MUTEX, na mwenyeji amelelewa na pamba tangu khanga ya mbeleko. Mama wa Bunda akisugua kitenge kati ya vidole viwili, anajua kama kitachuja kabla muuzaji hajafungua mdomo. Ujuzi huohuo humpoteza akishika nguo za baridi. Pamba ikilowa, hata kwa jasho tu, hushika maji na kuyalaza kwenye ngozi. Jinzi na sweta la pamba, fahari ya begi la msafiri, ndivyo vya kwanza kupunguzwa.

Joto latoka mwilini. Kazi ya nguo ni kulizuia lisitoroke, na kizuizi chenyewe ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Unywele wa kondoo umejikunja, kwa hiyo hunasa hewa nyingi, tena huweza kunyonya unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi majimaji. Mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani na taa hahitaji kuelezwa zaidi. Upepo wa alfajiri ukikuta fulana iliyolowa, mwenye fulana hutetemeka hapahapa kwetu, kwenye nyuzi 18.

Sweta la sufu hutambuliwaje? Lebo ingesema, lakini kwenye mitumba lebo nyingi zimekatwa au zimefutika. Mjuzi huanza na pindo la mkono: hulivuta, kisha huliachia. Sufu yenye uhai hurudi mahali pake. Iliyochoka hubaki imelegea kama mdomo wa soksi kuukuu. Halafu hulinyoosha sweta mbele ya jua na kutafuta vitundu vya nondo, hasa kwapani na kwenye viwiko. Wasiwasi ukibaki, huchomoa uzi mmoja upande wa ndani na kuuwasha. Sufu hunuka nywele zilizoungua, huzima yenyewe, na majivu yake husagika. Poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Pamba huwaka kama karatasi. (Kiberiti kitolewe kwa ruhusa ya muuzaji, na mbali na belo.)

Poliesta nayo isidharauliwe. Ile ya manyoyamanyoya ni nyepesi, hukauka upesi, na hukaa vizuri kati ya fulana ya ndani na koti. Nguo tatu nyembamba zilizopandana hushinda moja nene, kwa sababu kila pengo lina hewa yake, na mtu akiingia ndani penye joto anaweza kuvua moja.

Kabla ya kugusa koti lenyewe, kuna swali ambalo wanunuzi wengi hulisahau: baridi ipi? Ya Makete mwezi wa Julai si sawa na ya Toronto, na ya Toronto si sawa na ya Uskoti. Butiama ina mfano wake mkubwa. Julius Nyerere, aliyezaliwa hapo mwaka 1922, alikwenda Edinburgh, Uskoti, mwaka 1949 na kumaliza shahada yake ya M.A. mwaka 1952, yaani alipitisha huko majira matatu ya baridi. Januari ya Edinburgh mara nyingi huwa kati ya nyuzi 1 na 7, na Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Kwa tarakimu si baridi ya kutisha. Lakini ni baridi yenye manyunyu na upepo wa bahari, na hiyo humwumiza mgeni kuliko theluji kavu, ambayo hukung'utwa begani ikadondoka.

Kwa nchi ya namna hiyo, koti la manyoya ya bata ni anasa ya kuchagua kwa makini. Likiwa zuri, hufinywa likawa kama ngumi, na likiachiwa huvimba tena. Likibaki na mabonge, limefuliwa vibaya. Likichomachoma kiganja, ndani mmejaa vijiti vya manyoya magumu. Na likilowa hunywea, joto likaondoka. Pale Uskoti ni afadhali koti la kuzuia mvua, lenye kofia, zipu iliyofunikwa na ukanda wa kitambaa, na mikono inayobana kwenye vifundo. Lijaribiwe juu ya sweta, mikono ikiinuliwa kama ya anayeanua nguo kambani: kiuno kikibaki wazi, ni dogo.

Viatu ndivyo vinavyowaaibisha wengi. Buti la mtumba huweza kung'aa juu huku soli ikiwa imeshaoza, maana baadhi ya soli za povu huharibika kwa unyevu na umri hata kiatu kisipovaliwa. Kidole gumba kibonyeze ubavu wa soli kwa nguvu. Ikifanya nyufa au kumeguka unga, kiatu kirudishwe kwenye fungu kilikotoka, hata muuzaji aape, “Hii ni grade one, mama!” Kingine kijaribiwe na soksi nene mguuni, vidole vikicheza, kwani kiatu kinachobana huifukuza ile hewa.

Limebaki jaribio la maji, na Musoma maji hayako mbali. Tone lidondoshwe begani mwa koti. Likiviringika likaanguka, kitambaa bado kina kinga yake. Likitandaa na kuzama kabla ya kuhesabu kumi, mnunuzi akalirudishe koti kibandani mapema, muuzaji hajafungua belo jingine akasahau sura yake.