Fremu ya Mtumba na Mkono wa Fundi

Kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, fremu ya baiskeli ya mbio haifui dafu mbele ya injini mbovu au mlango wa gari. Uzito wake ni kilo mbili na ushei, mabomba yake membamba, na ndani mna hewa tupu. Anayepima kwa kilo hana sababu ya kuitazama mara ya pili. Makontena ya mitumba kutoka Ulaya na Japani yamekuwa yakitushushia fremu za namna hii kwa miaka mingi, nyingine zikiwa zimeng'olewa magurudumu, breki na kila kilichong'oleka, na fremu iliyobaki mifupa haiko mbali na tanuri la nondo. Wapo pia wanaoitundika ukutani mkahawani, jambo ambalo sioni kama lina heshima zaidi. Ninachokisifu hapa ni ile kazi ya kati, ya kuichukua fremu tupu ya chuma, kuikagua, kuinyoosha, kuivisha vipuri vilivyotoka kwenye baiskeli nyingine tano, na kuirudisha barabarani. Naisifu kwa sababu moja. Aliyeiunda fremu hiyo miaka arobaini iliyopita alimwachia nafasi fundi atakayekuja baada yake, na nafasi hiyo ndiyo inayozidi kubanwa.

Tuanze na bomba lenyewe. Mwaka 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham, Uingereza, alipata hataza ya bomba lenye ukuta mnene kwenye ncha na mwembamba katikati, ilhali kwa nje kipenyo ni kile kile kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1935 kampuni yake ikatoa aina iliyoitwa 531, chuma kilichochanganywa na manganizi na molibdeni, na kwa miongo kadhaa kijibandiko cha 531 kilikuwa cheti cha ubora. Italia walikuwa na Columbus, Japani walikuwa na Tange na Ishiwata. Katika fremu nzuri ya mbio ya aina hii ncha huwa na unene wa karibu milimita 0.8, na katikati karibu nusu milimita. Ncha zimeachwa nene kwa sababu ndipo moto wa kulehemu unapopita na ndipo mizigo yote inapokutana. Katikati pamepunguzwa kwa sababu hapana kazi kubwa. Hesabu hiyo haionekani kwa macho, lakini fundi lazima aijue, maana akiibana fremu kwenye jiriwa kwa kulikamata bomba la juu katikati, atalibonyeza kama kopo. Anayeijua kazi hubana nguzo ya kiti.

Nguzo hiyo ya kiti ina mengi ya kusema. Mnunuzi mgeni hutazama rangi na jina lililoandikwa, na rangi hupakwa upya, kijibandiko hununuliwa. Mzoefu huchomoa nguzo na kuipima. Ikiwa ni milimita 27.2, basi bomba la kiti lina ukuta mwembamba na huenda fremu nzima ni ya chuma bora, ikiwa 25.4, kuna uwezekano mkubwa kwamba umeshika bomba nene la kawaida lililovalishwa nguo za mbio. Isipotoka kabisa, hilo nalo ni jibu. Alumini na chuma vikikaa pamoja miaka mingi bila grisi, hasa penye hewa ya chumvi kama ya mwambao wetu, hushikana hadi mtu alazimike kuikata nguzo kwa msumeno kutoka ndani, vipande vipande, kutwa nzima. Kwa hiyo nguzo hujaribiwa kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kisha fremu hugeuzwa juu chini, na kidole kikapitishwa upande wa chini wa bomba la chini, sentimita chache nyuma ya shingo. Baiskeli iliyowahi kugonga gari au ukuta kwa mbele huacha ushahidi wake hapo: kivimbe kidogo, mkunjo ambao rangi mpya imeufunika, ambao jicho huweza kuupita lakini ncha ya kidole haiukosi. Bomba la juu nalo hupapaswa vivyo hivyo. Baada ya hapo fremu hutikiswa na kugongwa taratibu penye kitovu cha pedali, ambapo maji yote yanayoingilia juu hushuka na kutuama, na fundi husikiliza kama kuna magamba ya kutu yanayoporomoka ndani. Kazi yote hii haihitaji chombo chochote. Inahitaji mtu aliyeshika fremu nyingi, nzima na mbovu, na maarifa ya aina hiyo hayapatikani kwa kusoma maelezo ya muuzaji.

Uzi wa kawaida wa cherehani unatosha kwa kipimo kinachofuata. Unafungwa kwenye sikio la nyuma la kulia, pale ekseli inapokaa, unapelekwa mbele, unazungushwa shingoni, unarudishwa hadi sikio la kushoto na kukazwa. Halafu unapimwa umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, upande huu na upande ule. Vipimo vikilingana, sehemu ya nyuma imenyooka na ya mbele. Visipolingana, gurudumu la nyuma halitafuata njia ya la mbele, na hata ukikaza spoku vipi baiskeli itaendelea kuvuta upande mmoja. Ni hapa chuma kinapoonyesha ungwana wake, kwa sababu kosa hilo hurekebishwa kwa mikono. Tena kuna kazi kubwa zaidi ya hiyo. Fremu za enzi za gia sita au saba nyuma zilitengenezwa kwa habu ya milimita 126. Habu za gia nane na kuendelea zikaja na milimita 130. Tofauti ni milimita nne, yaani mbili kila upande, na fremu ya chuma iliyo nzima huweza kufunguliwa hadi hapo bila moto.

Hufanywa hivi. Bolti ndefu yenye thredi mwili mzima hupitishwa kati ya masikio mawili, nati zikawekwa upande wa ndani, na kwa spana mbili masikio husukumwa yakaachana polepole. Chuma husogea, kisha nati zikilegezwa hurudi kilipotoka, kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi huongeza. Hurudi tena, ila safari hii hakirudi chote. Ili kupata milimita nne za kudumu ni lazima kukivusha mbali zaidi ya hapo, na mbali kiasi gani hakuna jedwali linaloweza kusema kwa uhakika, maana kila fremu ina ukaidi wake. Pande mbili hazikubali kwa usawa pia, hivyo uzi hurudishwa shingoni kila mara, na upande uliochelewa husukumwa peke yake. Masikio yakishaachana vya kutosha huwa hayatazamani sawasawa tena, nayo hunyooshwa hadi yawe sambamba. Anayeiruka hatua hii atashangaa kwa nini ekseli zinamkatikia. Anayeikamilisha amebadilisha kipimo cha kiwanda kwa bolti, nati na uzi, na gurudumu la miaka ya karibuni linaingia kwenye fremu ya 1982 bila kulazimishwa.

Mhandisi atapinga kwamba kila unapokipinda chuma unakipunguzia kitu. Ni kweli, na ndiyo maana kazi hii hufanywa mara moja, kwa kiasi kidogo, na haifanywi kabisa kwenye bomba lenye mbonyeo. Lakini chuma kina sifa ambayo alumini haina: mkazo ukibaki chini ya kiwango fulani, kinaweza kuubeba mara zisizohesabika bila kuchoka. Alumini haina kiwango kama hicho. Kila mtikisiko, hata mdogo, unaandikwa kwenye deni, na siku moja deni hudaiwa kwa ufa. Kuipanua fremu ya alumini kwa bolti ni kuutafuta ufa huo makusudi. Kaboni ndiyo kabisa, haipindi ikabaki imepinda.

Pingamizi zito zaidi linahusu viwanda vyenyewe. Je, ni kweli kwamba watengenezaji wa zamani walimfikiria fundi wa kesho, au tunawapaka asali? Ushahidi hauko upande mmoja. Waingereza walikuwa na kipimo chao cha kitovu cha pedali, inchi 1.37 na thredi 24 kwa inchi, huku kikombe cha kulia kikikazwa kinyume ili kisifunguke mtu anapokanyaga. Wajapani wakakipokea kipimo hicho, na ndiyo sababu vipuri vya nchi moja huingia kwenye fremu ya nchi nyingine. Lakini Waitalia walishikilia milimita 36, Wafaransa 35. Na Raleigh ya Nottingham, ambayo baiskeli zake nyeusi nzito zilijaza barabara zetu enzi za ukoloni na baadaye, ilizipa baiskeli zake za kawaida thredi 26 kwa inchi, ambazo hazikubali kikombe cha mwingine. Tusiwasafishe wazee. Tamaa ya kumfunga mteja si uzao wa karne hii.

Hata hivyo angalia kilichokuwa ndani ya kitovu hicho cha ukaidi: vikombe viwili, ekseli moja, na gololi za robo inchi. Gololi zikichakaa zilinunuliwa gololi, si baiskeli. Vikombe vilivyo vizima vilioshwa kwa mafuta ya taa, vikapakwa grisi, vikarudishwa. Hata ubinafsi wa kampuni ulikuwa na mlango wa nyuma ambao fundi aliweza kupitia. Tangu mwaka 2000, kampuni ya Cannondale ilipoleta kitovu kiitwacho BB30, mtindo wa kushindilia beringi moja kwa moja ndani ya fremu umezaa vipimo juu ya vipimo, vingi havipatani, na tundu likishapanuka hakuna kikombe cha kufungua wala thredi ya kuchonga upya. Kipande kidogo kinachobeba kibadilisha gia kilifikia hatua ya kuwa na maumbo mamia, karibu kila modeli na lake, mpaka kampuni ya SRAM ilipotangaza kipande cha wote mwaka 2019 na kampuni nyingi zikakikubali. Nalipongeza jambo hilo, ingawa ni ajabu kidogo kushangilia kurudishiwa kitu ambacho fremu ya chuma ilikuwa nacho mwilini mwake.

Kuhusu uzito sina ubishi. Baiskeli ya chuma iliyoundwa vizuri kwa vipuri vya zamani huwa karibu kilo kumi, na UCI, shirikisho la baiskeli duniani, huruhusu ya mashindano ishuke hadi kilo 6.8. Miguel Indurain alitwaa Tour de France mara tano mfululizo, 1991 hadi 1995, na ushindi wake mwingi aliupata juu ya chuma. Baada yake chuma kilitoweka mbele ya msafara. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali mwaka 2025, nani angetaka kuipanda milima ile kwa fremu ya enzi za baba yake? Ila waendesha baiskeli wengi hawashindani na mtu. Wanakwenda kazini, shuleni, sokoni, au wanajifua asubuhi kabla jua halijakolea, na kilo tatu pungufu haziwapi kitu ambacho baiskeli inayotengenezeka haiwapi zaidi.

Yupo atakayesema kwamba haya ni mapenzi ya mwenye shibe: fundi wa chini ya mwembe hausifu ufundi, anatafuta ugali, na angepewa vipuri vipya asingegusa vya zamani. Nalikubali nusu yake. Hakuna heshima katika kukosa. Lakini maarifa yaliyozaliwa na ukosefu bado ni maarifa, na yamefanya makubwa. Boda boda ilianza mpakani Busia kwa baiskeli za chuma zilizobeba watu na mizigo, na zisingedumu wiki bila mafundi wa kando ya barabara. Huko Kikuyu, nje ya Nairobi, David Kinjah na kundi lake la Safari Simbaz wamewafundisha vijana kuendesha na kutengeneza pamoja, na ni kwa Kinjah huyo Chris Froome alijifunzia mbio akiwa mtoto, kabla ya kushinda Tour de France mara nne. Katika shule ya namna hiyo spana ni somo kamili, na somo hilo linawezekana kwa sababu baiskeli inafunguka.

Kwenye makontena sasa alumini imejaa, na kaboni inafuata nyuma yake kadiri Ulaya inavyochoka nayo. Mteja huileta kwa fundi yule yule, ikiwa na ufa nyuma ya kitovu au beringi inayocheza ndani ya tundu lililopanuka. Fundi ataigeuza, atapapasa, atauona ugonjwa mara moja, kisha atasema ukweli kwamba hakuna la kufanya. Mteja ataiburuta baiskeli yake akinung'unika kwamba mafundi wa siku hizi hawajui kazi. Aliyeiunda fremu hiyo isitengenezeke yuko mbali, na lawama haitamfikia.