Mzigo Gani?

Mwaka 1986 nilikuwa mkuu wa shule ya bweni mkoani Iringa. Barua za wanafunzi zilipitia mezani kwangu, nami nilizifungua bila kumwomba mtu ruhusa. Chuoni ualimu tulifundishwa kwamba mkuu wa shule ni mzazi, na mimi nikadhani mzazi hana mpaka. Siku moja nikasoma barua ya kijana wa kidato cha pili iliyotoka Mbeya: mzigo utaletwa Ijumaa, baba asijue. Nikasadiki kuwa ni bangi, nikamchapa viboko sita. Ijumaa akateremka mama yake kwenye basi, fedha za ada amezifunga kwenye pindo la khanga. Alikuwa ameuza viazi vyake kwa siri, kwa kuwa mumewe alikataa kumsomesha mtoto yule.

Barua ile hunirudia kila nisomapo sheria zetu za mawasiliano. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, na ibara ya 18 inataka yasiingiliwe. Haki hizo ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Katiba hiyohiyo inakubali kwamba sheria yaweza kuweka utaratibu wa kuingilia faragha. Sina ugomvi na hilo. Wahalifu wapo, nao hupiga simu kama sisi. Ugomvi wangu ni juu ya mtu anayeamua.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 inamtaka polisi anayetaka kunasa mawasiliano apate kwanza kibali cha maandishi cha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha aombe amri ya mahakama. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 32, inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuandika mwenyewe amri ya kudai data anazozihitaji kwa upelelezi. Najua kunasa simu inayoendelea na kudai kumbukumbu zilizohifadhiwa si jambo moja. Hata hivyo, kumbukumbu hizo zaweza kueleza maisha ya mtu kuliko barua yoyote niliyowahi kuifungua, hasa tangu laini zetu zisajiliwe kwa alama za vidole. Basi mtuhumiwa wa ugaidi analindwa na milango miwili, na mwalimu aliyeandika ujumbe analindwa na mmoja, tena ufunguo wake anao yuleyule anayebisha hodi.

Mwaka 2016 kampuni ya Jamii Media ilikipinga kifungu hicho Mahakama Kuu. Mwaka 2017 mahakama ilikataa kukifuta. Naheshimu hukumu, lakini sijashawishika. Husemwa kwamba upelelezi unataka haraka. Ni kweli, lakini maombi ya mwaka 2002 husikilizwa upande mmoja tu, mtuhumiwa hana habari. Hakimu hamzuii polisi kufanya kazi. Humtaka aeleze sababu zake.

Na sisi wananchi tuna lawama yetu. Julai 2019 zilipovuja sauti za simu zilizodaiwa kuwa za wanasiasa wakubwa, wakiwamo Abdulrahman Kinana na Nape Nnauye, vijiwe vya kahawa nilivyopita, Mbeya na Iringa, vilijaa mjadala wa nani kasema nini. Sikumsikia hata mmoja akiuliza nani alinasa, na kwa idhini ipi.

Kijana yule nilimwomba radhi mbele ya mama yake, lakini viboko havirudi. Nilikuwa mlalamikaji, mpelelezi na hakimu, wote katika kiti kimoja. Laiti ningalilazimika kumwonyesha mtu mwingine barua ile, hata makamu wangu tu, angaliniuliza: mzigo gani? Swali hilo dogo ndilo ninalotaka mkuu wa kituo aulizwe na hakimu, kabla hajafungua.