Kupandisha au Kuunga? Neno Moja la Unix

Kiswahili cha kompyuta kilipiga hatua mwaka 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice. Lakini hiyo ni programu ya ofisi. Haigusi namna mfumo unavyowashwa. Huko chini ndiko tafsiri ya neno kwa neno inakodhuru.

Katika Unix, amri ya mount huambatisha hifadhi moja ya mafaili kwenye mti wa mafaili uliokwisha kuwapo. Anayeifasiri kuwa "kupandisha" amefuata kamusi, hakufuata kazi. Huko Panda, komini ya Likasi iliyojulikana kwa karakana za Gécamines, neno la Kifaransa "monter" lina pia maana ya kifundi: kufunga kipande cha mashine mahali pake. Kwa Kiswahili, "kuunga" ndilo linaloikaribia maana hiyo.

Tofauti hii si pambo. Kuunga kuna utaratibu: mzizi kwanza, matawi baadaye. Saraka ya /usr ikitengwa kwenye diski nyingine, amri ya kuiunga haiwezi kukaa ndani yake tu, isipokuwa mfumo mdogo wa kuanzishia uitangulie. La sivyo ni ufunguo uliofungiwa sandukuni. Ndiyo maana katika /etc/fstab mzizi hupewa namba 1 ya ukaguzi, na hifadhi nyingine 2.

"Kupandisha" hakudokezi lolote kati ya hayo. Istilahi njema humwonya mwanafunzi kabla mashine haijakataa kuwaka.