Imani Iliyozaliwa Katika Dhiki

Msomaji mpendwa, watu wasikiapo kuwa fulani amemgeukia Mungu katika dhiki, aghalabu hutabasamu kwa dharau. Husema kuwa njaa imempeleka kanisani na shibe itamrudisha alikotoka. Hukumu hii ni nyepesi kutamka, lakini yataka kupimwa kabla ya kukubaliwa. Mizani nitakayoitumia ni filamu ya Christopher Quinn iliyotolewa mwaka 2006, God Grew Tired of Us, yaani Mungu Alichoka Nasi. Yaeleza habari za vijana wa Sudan waliokulia katika kambi ya Kakuma.

Kabla ya kufika Kakuma, tusimame kidogo Lodwar, maana swali letu lilianza hapo zamani. Serikali ya kikoloni iliifunga nchi ya Waturkana kwa muda mrefu, hata wamisionari hawakuruhusiwa kuingia wapendavyo. Ukame mkali ulipoangamiza mifugo, mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland walifika Lodwar mwaka 1961. Hivyo injili na chakula cha msaada viliingia kwa mlango mmoja. Mtu asemaye kuwa mahindi ndiyo yaliyohubiri ana hoja, wala haifai kumcheka.

Lakini hoja hiyo ina upungufu. Waturkana hawakuwa watu wasiomjua Mungu. Walimwomba Akuj aliye juu, mwenye mvua, na waliinua macho mbinguni kabla gunia la kwanza la msaada halijashushwa. Dhiki haikuwafundisha kuomba; iliwakutanisha na habari mpya za yule waliyekwisha kumwomba. Njaa ile ilipita, kanisa likabaki, na mwaka 1978 Lodwar ikawa jimbo. Hata hivyo, ukame ulirudi mara nyingi, na mwenye shaka aweza bado kusema kuwa watu hawakupata nafasi ya kushiba na kusahau. Ili kumjibu yatupasa kuwatafuta walioamini katika taabu, kisha wakahamia kwenye wingi wa vitu. Filamu hii yatuletea watu hao.

Kakuma iko kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, njia ya kwenda Sudan Kusini. Kambi yake ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea vijana, wengi wao Wadinka, waliotembea kwa miguu kutoka Sudan hadi Ethiopia, kisha wakatimuliwa huko mwaka 1991. Mmoja wao, John Bul Dau, alikikimbia kijiji chake cha Duk Payuel mwaka 1987 kiliposhambuliwa usiku. Jina la filamu latokana na maneno yake kuhusu siku hizo.

Litazame jina hilo vizuri, msomaji. Asomaye haraka hudhani ni kauli ya aliyekata tamaa na dini. Mimi naona kinyume chake. Mtu hamlalamikii asiyekuwako. Hulalamika mbele ya baba aliyemtumaini. Ayubu alilalamika vivyo hivyo, naye hakumwacha Mungu wake. Imani iliyothubutu kusema hivi haikununuliwa kwa chakula, maana anunuliwaye kwa chakula husifu tu, asije akanyimwa.

Mwaka 2001 vijana hao walipelekwa Marekani, na hapo ndipo filamu inapofikia kilele chake. Wanaona maduka yaliyojaa tele, na Krismasi ikifika wanauliza kwa mshangao: mti uliopambwa na mzee mwenye ndevu nyeupe vinahusianaje na kuzaliwa kwa Yesu? Watazamaji hucheka, lakini kicheko hicho chawarudia wenyewe. Waliojifunza dini penye uhaba ndio wanaowauliza walioshiba maana ya sikukuu yao. Shibe haikuwasahaulisha, iliwafumbua macho. Tena Dau hakula peke yake: alifanya kazi usiku na mchana, akawatumia ndugu pesa, na baadaye akasaidia kuanzisha zahanati iliyofunguliwa Duk Payuel mwaka 2007. Sitasema kuwa imani peke yake ndiyo iliyoijenga, lakini mti hujulikana kwa matunda yake.

Filamu ina kasoro, wala si haki kuzificha. Kakuma yaonyeshwa kana kwamba ni jangwa lisilo na wenyewe. Mturkana, ambaye ardhi ni yake na njaa ni yake pia, haonekani ila kwa mbali. Mtazamaji aweza kuondoka akidhani kuwa mateso ya mahali pale yalikuja na wageni. Kama mtengenezaji angalivuka ua wa kambi, angalikuta watu wengine wanaomwuliza Mungu swali lile lile kwa lugha nyingine.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nasi twaweza kuongeza kuwa urafiki huo huthibitika dhiki ikiisha. Basi, msomaji, usimdharau aliyeingia kanisani akiwa na njaa, wala usiharakishe kumsifu. Mlango alioingilia haukuambii mengi. Ngoja ashibe, kisha tazama anamkumbuka nani.