Herufi 120

Fundi huyu hana nyundo wala bisibisi. Ana kompyuta mpakato, daftari na penseli, na kwa muda mrefu anachofanya ni kusoma tu.

Duka la mtandaoni analolihudumia limeandikwa kwa PHP. Tangu asubuhi baadhi ya wateja walishindwa kulipa, na logi ilirudia mstari uleule: seva ya malipo imetoa kosa namba 422, yaani ombi limefika na kueleweka, ila taarifa zilizomo hazikubaliki. Taarifa zipi? Maelezo yalianza vizuri, kisha yakakatika katikati ya neno.

Wengi hapo hubahatisha: gusa hapa, badili pale. Yeye alichukua penseli akahesabu herufi za jibu lile la seva, moja moja, mpaka lilipokatikia. Zilikuwa 120.

“Kaka, jibu limekuja zima,” aliniambia. “Aliyelikata yumo humu humu ndani.”

Alimtambua mkataji kwa urefu wa kipande, na hilo ndilo lililonistaajabisha. Kila mkasi una kipimo chake. Logi za PHP kabla ya toleo la 8 zilikata ujumbe kwenye baiti 1024, usipobadili mpangilio. Docker huvunja mstari unaozidi kilobaiti 16. Herufi 120 ni za Guzzle, maktaba ya kutuma maombi kwa seva nyingine: hufupisha jibu inapotunga ujumbe wa kosa, lakini jibu lenyewe hulihifadhi.

Basi alifungua msimbo mahali kosa linaponaswa, akaagiza jibu litolewe lote. Hapa alikwenda taratibu zaidi. Jibu husomwa kama mkondo: ukishalisoma hadi mwisho, usipolirudisha mwanzo, usomaji wa pili huambulia patupu. Akaligeuza kuwa maandishi kwa namna inayolirudisha mwanzo kwanza. Na kwa kuwa jibu zima huweza kubeba namba ya mteja, akaongeza mstari wa kuifunika namba hiyo kabla haijafika kwenye logi.

Kwenye seva ya majaribio alirudia ombi lilelile, mara moja. Safari hii maelezo yalifika hadi nukta ya mwisho: namba ya simu ianze na 255. Wateja waliokwama walikuwa wameanza na 0, kama sote tunavyoandika namba zetu. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja wa msimbo.