Tazama Kifundo Kwanza, Msuli Baadaye

Ukitaka kujua nani anajua kupiga mkono, yaani kuinua chuma kwa kukunja kiwiko, katika jimu ya mtaani, usihangaike na mwenye mkono mnene kuliko wote. Unene huja kwa njia nyingi, nyingine zinauzwa kwenye chupa na sindano. Mtazame mtu anaposhusha chuma. Kupandisha kila mtu anaweza: ukirusha kiuno, ukapandisha mabega na kupinda mgongo, hata kilo hamsini zitafika kidevuni. Kwenye kushusha hakuna pa kujificha. Fundi hushusha kwa sekunde mbili au tatu, kiwiko hakitoki ubavuni, kifundo cha mkono kimenyooka mwanzo hadi mwisho. Asiye fundi huachia chuma kianguke, halafu akakidaka huko chini kwa kano za kiwiko. Maumivu mengi yanaanzia hapo, kwa hiyo mimi zoezi hili hulikagua kuanzia chini kwenda juu.

Kifundo ndicho shahidi wa kwanza. Kwa fundi, mgongo wa kiganja na mgongo wa kigasha vinakaa kwenye mstari mmoja. Ukiweka rula juu yake italala. Mstari huo huvunjika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kifundo kulala nyuma, uzito ukabaki unaning'inia kwenye viungo vidogo vya kiganja. Mwenye kifundo hicho kesho yake atashindwa kujiinua sakafuni kwa mikono. Ya pili wanaipenda wenye haraka: kukunja ngumi kwa ndani ili chuma kionekane kimefika mapema. Tatizo ni kwamba misuli inayokunja kifundo imejishika kwenye kifupa kilichochomoza upande wa ndani wa kiwiko. Ifanyishe kazi isiyo yake seti baada ya seti, na kifupa hicho kitaanza kuuma ukikibonyeza, baadaye kitauma ukikamua nguo, na mwisho hata ukimpa mtu mkono. Madaktari huyaita maumivu hayo kiwiko cha mcheza gofu, ingawa wengi walio nayo huku kwetu hawajawahi kukanyaga uwanja wa gofu. Kile cha upande wa nje, kiwiko cha mcheza tenisi, huletwa zaidi na kubana kitu kwa nguvu na kuinua huku kiganja kikitazama chini.

Chuma chenyewe nacho kina kesi ya kujibu. Jimu nyingi za uani zinatumia bomba la maji lenye kopo la saruji kila upande, na sina ugomvi na saruji. Imejenga vifua vingi. Lakini kwa zoezi la mkono, likague bomba kabla ya kulishika. Kwanza unene. Chuma cha mashindano ya kunyanyua uzito kina kipenyo cha milimita 28 kwa wanaume na 25 kwa wanawake. Bomba la inchi moja lina karibu milimita 34 kwa nje, na la inchi moja na nusu linafika kama 48. Unene huo wa ziada unakulazimisha kubana zaidi, na anayelipa ni kiwiko upande wa nje. Pili, tafuta katikati ya bomba, liweke juu ya kidole kimoja au juu ya ukingo wa tofali. Makopo mengi yalimwagwa saruji kwa kukadiria macho, kwa hiyo upande mmoja huwa mzito, na mkono wa upande huo ndio unaouma kila mara bila mwenyewe kujua sababu. Tatu, makopo yaliyogandishwa hayazunguki. Sahani za chuma kizuri huzunguka zenyewe wakati ngumi inageuka. Kopo la saruji linageuka na bomba, na linapochelewa kusimama linakivuta kifundo kiende nalo.

Hata bomba likiwa jembamba na lenye mizani, bado limenyooka, na hapo pana jambo la mwili wenyewe. Msuli wa mbele ya mkono una vichwa viwili vilivyojishika begani, na chini umejishika kwenye mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Kwa sababu ya mahali hapo una kazi mbili: kukunja kiwiko, na kugeuza kiganja kitazame juu. Kunja mkono wa kulia nusu, ushike msuli wake kwa mkono wa kushoto, kisha geuza kiganja taratibu kutoka kutazama chini mpaka kitazame dari. Utausikia msuli unachomoza ingawa hujabeba chochote.

Chuma kilichonyooka kinaufunga mkono kwenye mwisho kabisa wa mgeuko huo, na si kila mtu anafika huko kwa raha. Simama, ning'iniza mikono, viganja vitazame mbele. Utaona vigasha havishuki wima. Vinakwenda nje kidogo kutoka kwenye mwili. Pembe hiyo si sawa kwa watu wote, na mara nyingi kwa wanawake ni kubwa zaidi. Mifupa ikitaka kwenda huku na chuma kikishikilia kule, kifundo ndicho kinachopindishwa, mara nyingi upande wa kidole kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Mmarekani Lewis Dymeck alibuni chuma chenye mawimbi kinachoruhusu viganja vitazamane kidogo, na leo jimu yenye heshima haikosi. Fundi wa kuchomelea anaweza kukupindia. Kabla ya kumlipa, kilaze sakafuni: mawimbi yote yaguse pamoja, na pembe ya kushoto iwe sawa na ya kulia. Kikitikisika, mrudishie.

Mimi nikiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya mikono, nanunua dambeli mbili. Kila mkono unajitafutia njia yake, unaweza kuanza na viganja vikitazamana na kugeuza kadiri unavyopanda, na ukizidiwa unashika mtindo wa nyundo, kidole gumba juu, mpaka mwisho. Kiwiko kinachouma huanza kurudi kazini kwa mtindo huo wa nyundo, kwa sababu misuli mingine inayokunja kiwiko inabeba sehemu kubwa ya mzigo.

Benchi la kuegemeza mkono, lililopata sifa kupitia Larry Scott, mshindi wa kwanza wa Mr. Olympia mwaka 1965, naliheshimu kwa sababu linamnyima mtu nafasi ya kurusha kiuno. Lakini pale chini, mkono ukiwa umenyooka kabisa na uzito mzito ukivuta, linaitesa kano kuliko zoezi lolote la mkono nilijualo. Kwa mwenye maumivu, liwe la mwisho kurudiwa.

Mkaguzi mzuri haulizii vyuma tu. Anauliza: mchana unafanya kazi gani? Anayeshika usukani wa bodaboda kutwa nzima, anayechomelea, anayebeba zege, ameshamaliza nusu ya seti zake kabla hajafika jimu. Ongeza kujivuta kwenye bomba la juu viganja vikikutazama, na kiwiko hakijui tofauti. Kinahesabu vyote pamoja.

Na maumivu nayo yana viwango vyake. Uchovu wa nyama katikati ya msuli, siku mbili baada ya zoezi, ni wa kawaida. Maumivu ya nukta moja karibu na kifupa, yanayokuwa makali asubuhi na kupoa ukipasha mwili, ni kano inalalamika. Ganzi ni habari nyingine: ikiwa kwenye kidole kidogo na cha pete, mshipa wa fahamu unabanwa, mara nyingi kiwikoni; ikiwa kwenye gumba, shahada na cha kati, tafuta kifundoni. Ganzi haitibiwi kwa kukaza.

Kano inayolalamika haihitaji kulazwa kitandani wiki sita. Punguza uzito mpaka maumivu yawe madogo na yasizidi kesho yake, kisha shusha polepole kuliko ulivyozoea. Ukishindwa hata hivyo, shika uzito katikati ya njia bila kusogea, hesabu mpaka thelathini, pumzika, rudia. Hesabu kwa miezi, kwani kano hujijenga taratibu kuliko nyama. Kumeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kabla ya zoezi ni kuzima king'ora na kuendelea kuchoma nyumba. Na jambo ambalo watu wa jimu hulisikia mara chache: siprofloksasini, antibayotiki inayonunuliwa kiholela madukani kwa ajili ya tumbo au mkojo, inaweza kudhoofisha kano. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliitilia onyo lake kali kabisa mwaka 2008. Ukiwa kwenye dozi hiyo, acha vyuma vizito, na kano ikianza kuuma mrudie aliyekuandikia.

Kuna siku moja ambayo hakuna cha kujadili. Umeinua, ukasikia mlio mbele ya kiwiko, baadaye pakavilia damu, na msuli umepanda juu ukaacha shimo chini yake. Hiyo ni kano imekatika, na huwapata zaidi wanaume wa makamo. Usichue, usifunge bandeji na kusubiri. Nenda hospitali yenye daktari wa mifupa siku hiyo au kesho yake, kwa sababu kano iliyokatika hujivuta juu, na baada ya wiki chache kuirudisha mahali pake inakuwa kazi ngumu zaidi hata kwa daktari bingwa.